Saa sita usiku ndani ya kaburi la Thutmose

Watu wakijua nimesomea Misri ya kale, swali la kwanza huwa dhahabu, iko wapi, nani kaiba, na ile laana ni kweli? Laana hamna. Dhahabu nyingi wezi walishaikomba enzi hizohizo za mafarao, farao Tutankhamun aliyekutwa na vitu vyake 1922 ni bahati tu. Mi nataka tuangalie ukutani.

Kaburi ninalolipenda kuliko yote ni namba 34 kwenye Bonde la Wafalme, ng'ambo ya mto Nile ukitokea Luxor mjini, la farao Thutmose wa Tatu. Unapanda ngazi za chuma mpaka kwenye ufa wa mwamba, halafu unaanza kushuka tena ndani kwa ndani, joto hilo usiseme, mpaka chumba cha jeneza. Kuta zimepakwa rangi kama ya karatasi iliyozeeka, na picha zenyewe ni vijiti vijiti tu vyeusi na vyekundu, mtu anaweza kudhani mtoto kachora. Ile ni Amduat, maelezo ya safari ya jua usiku, saa kumi na mbili.

Na hapa sisi Waswahili tuna raha yetu, maana mzungu lazima umwelezee kwanza kwamba saa zinaanza kuhesabiwa jua likizama, sisi ndo saa zetu za kila siku hizo. Basi Ra, mungu jua, kazeeka, anaingia chini ya ardhi na mashua yake. Saa ya nne maji yanakata, ni mchanga mtupu, mashua inageuka nyoka ili iteleze. Saa ya sita, usiku wa manane kabisa, Ra anakutana na mwili wake mwenyewe ambao pia ni Osiris, bwana wa wafu, na hapo ndo uhai unarudi. Saa ya saba joka Apophis kayanywa maji yote, Isis, mungu wa kike, anampiga kwa uchawi. Ya kumi na mbili Ra na wenzake wa mashuani wanaingia mkiani mwa nyoka wakiwa wazee, wanatokea mdomoni wachanga, na kumekucha.

Farao anazikwa humo ili asafiri na jua, afe nalo, azaliwe nalo kila asubuhi. Kwenye nguzo moja utamwona ananyonya, anayemnyonyesha ni mti, mti kabisa una mkono na titi! Ni Isis huyo, na mama yake mzazi farao naye aliitwa Isis.

Sasa kaburi likishafungwa haingii mtu, kwa hiyo chakula anapelekewa wapi? Hekaluni, na hekalu lake liko mbali na kaburi, kule chini karibu na mashamba, ambako makuhani walimwekea mikate, nyama na bia, wakamtaja jina. Akishakula yeye kwa namna yake, vile vyakula vinaondolewa mezani vizimavizima na makuhani wanagawana, ndo posho yao hiyo.