Jodie Foster: njia ndefu kutoka Audrey hadi Bonnie

Watu wengi wakiongelea wahusika kuchu (mashoga, wasagaji na wenzao) kwenye muvi wanahesabu tu, yaani huyu kambusu mwanamke mwenzie, huyu katamka wazi, huyu kauawa mwishoni, basi, hesabu imeisha. Mi nafundisha uchambuzi wa filamu na kila nikifika kwa Jodie Foster, mwigizaji na dairekta wa Marekani, hiyo hesabu inagoma, manake kwa hesabu hiyo miaka mingi unaambulia karibu na sifuri, halafu ghafla 2023 anatokea Bonnie Stoll, msagaji anayemcheza kwenye muvi ya Nyad, wakati wasichana wengi waliokuwa wanawapenda wasichana walikuwa wanamfuatilia na kujiona kwake tangu miaka ya sabini. Kwa hiyo kuna kitu hesabu haikioni, na kwa maoni yangu ni hiki: Foster aliwaweka wapenzi wa jinsia moja kwenye skrini akiwa nyuma ya kamera kwanza, kama dairekta, miaka mingi kabla hajathubutu kuwaweka kwenye mwili wake mwenyewe. Na sababu zake zinaanzia utotoni.

Huyu mama alianza tangazo la Coppertone akiwa na miaka 3. Akaja Disney, akaja tivii, halafu 1974 akacheza Audrey kwenye Alice Doesn't Live Here Anymore ya dairekta Martin Scorsese, nywele fupi, sauti nzito, mkorofi kuliko mvulana anayezurura naye. Hakuna mtu kwenye ile skripti aliyeandika kwamba Audrey ni chochote, na hapo ndo penyewe, mtoto wa kike ambaye hajaribu kumpendeza mtu yeyote alikuwa ni kitu adimu sana kwenye skrini za Marekani. Sheria za zamani za studio, zile za Hays, zilikuwa zimeondolewa 1968 tu, na kwa miaka mingi chini yake mapenzi ya jinsia moja hayakuruhusiwa kuonyeshwa, kwa hiyo watazamaji kuchu walikuwa wameshazoea kusoma nywele, mwendo, sauti, namna mtu anavyokaa kwenye kiti. Walimsoma Audrey hivyo hivyo.

Halafu 1976, Taxi Driver. Alikuwa na miaka 12 wakati wa kushuti, anacheza mtoto anayeuzwa mwili, na zile sini nzito zaidi aliwekewa dada yake Connie asimame badala yake. Ikampa nominesheni ya Oscar. Ikampa pia John Hinckley, jamaa aliyeiangalia ile muvi mpaka akachanganyikiwa, akamwandama Foster mpaka chuoni Yale kwa barua na simu, na tarehe 30 Machi 1981 akampiga risasi Rais Reagan akidhani atamvutia Foster. Foster alikuwa mwaka wa kwanza, ana miaka 18. Mi huwa nawaomba wanafunzi wangu wasimame hapa kabla hawajaanza kuuliza kwanini hakusema mapema kuhusu maisha yake. Mtu ambaye picha yake imechukuliwa na mgeni akiwa mtoto ikatumika kwa kitu kibaya kiasi hicho, unategemea atawapa watu mlango mwingine wa kuingilia?

Tuje 1991, The Silence of the Lambs, manake hapo ndo kidonda kilipo. Clarice Starling, mwanafunzi wa upelelezi wa FBI anayemsaka muuaji, ni mmoja wa wahusika wazuri kabisa aliowahi kucheza. Angalia ile sini ya mwanzo kwenye lifti ya FBI, mdogo, kasweta ka kijivu kana jasho, kazungukwa na wanaume warefu wenye fulana nyekundu. Na dairekta wake Jonathan Demme alifanya kitu cha kiufundi ambacho ukishakiona hukisahau, wanaume wanaoongea na Clarice mara nyingi wanaangalia moja kwa moja kwenye lenzi, yaani wanakuangalia wewe, ila Clarice mwenyewe macho yake yanapita pembeni kidogo ya kamera. Unabaki unabeba macho ya wale wanaume pamoja naye. Hana mchumba kwenye ile hadithi, hamhitaji, anafanya kazi yake tu. Wanawake wengi kuchu wamempenda Clarice kwa sababu hiyo na hawajakosea.

Lakini muvi hiyo hiyo ina Buffalo Bill, muuaji anayechuna ngozi za wanawake, anajipaka lipstiki, anacheza mbele ya kioo, na hata kama skripti ina mstari unaosema huyu si mtu wa transijenda kweli (yaani mtu ambaye jinsia yake si ile aliyopewa akizaliwa), picha ilishaingia kichwani kwa watu. Wanaharakati walikasirika, na walikuwa na haki. Kipindi kile UKIMWI ulikuwa unawamaliza mashoga na Hollywood inawaletea muuaji mwingine. Oscar za Machi 1992 zilikuwa na waandamanaji nje wakati ndani muvi inabeba tuzo zote 5 kubwa, na jina la Foster likaingizwa kwenye ugomvi, mpaka mabango ya kumtangaza kwamba ni msagaji yalibandikwa mitaani New York. Nawaelewa wale wanaharakati, walikuwa wanazika marafiki. Ila kumtoa mtu hadharani kwa nguvu nakupinga, na kumfanyia mtu ambaye keshawindwa na mtu mwenye bunduki nakupinga zaidi.

Na sasa angalia alichofanya alipopata nafasi ya kuongoza muvi yake ya pili, Home for the Holidays, 1995. Familia imekusanyika Baltimore kwa sikukuu ya Thanksgiving, Robert Downey Jr. anacheza Tommy, kaka mtundu, shoga, ambaye kumbe kashafunga ndoa na mpenzi wake Jack ufukweni Massachusetts bila kuwaambia wazazi. Massachusetts ilihalalisha ndoa hizo 2004, yaani miaka 9 baadaye! Bata mzinga anarukia mapajani kwa dada mmoja, hasira zinapanda, siri inamwagwa mezani. Tommy hafi, haugui, haadhibiwi, anabaki kuwa mtu anayechekesha kuliko wote mle ndani na anayependwa. Kwa mwaka 1995 hiyo ni kazi kubwa jamani, na nasikitika watu wakiorodhesha muvi za zamani za mashoga hii wanairuka.

Akarudia tena kama dairekta 2013, kwenye tamthilia ya gereza la wanawake, Orange Is the New Black, episodi ya 3 ya msimu wa kwanza, ile ya Sophia Burset, mfungwa wa transijenda anayechezwa na Laverne Cox. Sophia wa kabla hajabadilika amechezwa na M Lamar, pacha wa Cox mwenyewe, halafu kuna sini ya nyumbani ambapo mke wake Crystal anamsaidia kuchagua nguo, na Foster haikimbizi kamera, anawaacha wale wawili chumbani na upendo wao na maumivu yao. Mwaka uliofuata Cox akawa mtu wa kwanza wa transijenda anayeishi wazi kupata nominesheni ya uigizaji ya Emmy, tuzo kubwa za tivii Marekani, na Foster akapata ya kuongoza episodi hiyo hiyo.

Mwaka huo huo wa 2013 ndo ile hotuba ya Golden Globes, alipozungumzia maisha yake kwa kuzunguka zunguka bila kutaja neno lenyewe, watu wakalalamika. Mi nilisikia mtu aliyekuwa anaangaliwa tangu ana miaka 3 anaomba kasehemu kadogo ka kwake. Akaoa mwaka uliofuata, na 2021 akapokea Golden Globe kwa video, yuko kwenye kochi na pajama, mke wake Alexandra Hedison pembeni, mbwa katikati, akambusu mke wake na maisha yakaendelea.

Baada ya hapo ndo anakuja Bonnie, aliyemcheza akikaribia miaka 60. Nyad inahusu Diana Nyad, aliyeogelea kutoka Cuba hadi Florida 2013 akiwa na miaka 64, na Bonnie ni kocha wake, rafiki, mtu waliyewahi kuwa wapenzi zamani kidogo tu. Usagaji wao hauelezwi wala hautetewi, upo tu kama magoti yao yanavyouma. Mwangalie Foster mwishoni ufukweni Key West, sheria inasema hakuna ruhusa kumgusa muogeleaji mpaka atoke majini mwenyewe, na Bonnie anarudi nyuma mbele yake, mikono imetanuka kuwazuia watu, mwili wote unataka kumshika na haumshiki. Mapenzi yote yako kwenye ile mikono.

Kwa Bonnie alipata nominesheni ya Oscar 2024, mwaka mmoja na mwigizaji Colman Domingo wa muvi ya Rustin. Wote wawili wanaishi wazi na wote walicheza watu kama wao, kitu ambacho kabla yao mwigizaji Mwingereza Ian McKellen alikifanya kwenye Oscar za 1999.

Kingine, kwenye Panic Room ya 2002 anayecheza binti wa Foster ni Kristen Stewart, ana miaka kama 11, nywele fupi, kiburi kile kile cha Audrey. Stewart naye kalelewa na kamera, ila yeye alitangaza laivu kwenye tivii 2017 kwamba naye ni kuchu na 2024 akacheza Love Lies Bleeding bila kuficha chochote. Ukipata wikiendi moja anza na Home for the Holidays, kisha Panic Room, kisha Nyad, Silence iache mwisho, utaiona tofauti kabisa.