Timu ya watu watano, waliokuja wanne

Mchezo wa jukwaani wa kigeni ambao naona ungetukaa vizuri hapa Unguja ni That Championship Season wa Jason Miller. Ni wa Marekani, wa 1972, na 1973 ukachukua tuzo ya Pulitzer, ila kisa chenyewe mtu yeyote wa barza za mpira anakijua hata kabla hujamaliza kumsimulia. Wanaume waliobeba ubingwa wa basketi wa shule za jimbo la Pennsylvania mwaka 1952 wanakutana usiku mmoja nyumbani kwa kocha wao, kombe lipo pale, wanakunywa, wanataniana, baadae yanaanza kutoka. Mmoja ni meya anataka achaguliwe tena, mfadhili wake ni mwenzake tajiri wa machimbo, na huyohuyo tajiri katembea na mke wa meya. Wengine wawili ni ndugu, mmoja mwalimu mkuu anaeona dunia imempunja, mwengine mlevi na ndo huyo anaesema kweli.

Watu wengi wakiusoma wanakimbilia ile habari ya mke. Mimi nawaambia wanafunzi wangu wahesabu kwanza, basketi wanacheza watano na hapa wapo wanne! Wa tano, Martin, hakanyagi jukwaani hata mara moja, lakini ndo anaeuendesha mchezo wote, maana kocha alimtuma amvunje mbavu mchezaji tegemeo wa wapinzani, akamvunja, baadae akamtaka kocha alirudishe lile kombe, kocha akagoma, basi Martin akapotea moja kwa moja.

Sasa ukitaka kuandika chako cha hapa, huzuni ya mpira huna haja ya kuitafuta mbali. 1995 Zanzibar tulichukua Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, 2017 tukafika tena fainali tukatolewa na Kenya kwa penalti kule Machakos, na mwaka huohuo CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupa uanachama Machi wakatunyang'anya Julai. Mtu aliekuwa na miaka ishirini wakati ule anayo ya kusema. Ila usichukue watu wa kweli, buni timu ya mchangani, tuseme ya Wete, hapo utakuwa huru.

Kazi iko kwenye pombe. Kule ulimi unafunguliwa na pombe, huku utawalewesha wazee wa barza mbele ya mwalimu wao? Haiwi, watazamaji watakukimbia. Mimi natumia dhumna (domino). Dhumna wanacheza wanne, wawili kwa wawili, mezani pale mtu anaruhusiwa kumkejeli mwenzake na kubamiza kete na hakuna wa kumwambia kakosa adabu, kwa hiyo la miaka ishirini linapita kama utani wa mchezo. Halafu unawabadilisha, unampanga meya na tajiri upande mmoja, wafungwe, uone nani anamlaumu nani.

Na kocha hapa ni mwalimu, ni mzee, huwezi kusimama ukamwambia ulidanganya. Inakuja kwa fumbo. Kwenye zoezi moja tuliandika hivi: pilau imeshapakuliwa, mlevi wetu (tumemfanya mtu asie na kazi tu, anaeomba omba) anauliza, "Mwalimu, na sahani ya Haji tuifunike au?" Haji ndo Martin wetu, hajaja miaka chungu nzima na wote wanajua. Mwalimu anaomba maji ya kunywa. Hakuna alienyanyua sauti lakini ukumbi mzima ushaelewa, na kwangu hiyo inauma kuliko kurasa mbili za kupiga kelele. Ila kwenye jukwaa la wazi kama Ngome Kongwe huyo muigizaji aseme kwa sauti ya kufika nyuma, mnong'ono utaliwa na upepo.

Mwisho msiuguse. Kwenye ule wa Miller kocha anawawekea rekodi ya redio ya ile mechi, wanalia, wanapatana, wanapiga picha na kombe. Waandishi wetu wanapenda mkosaji aumbuke au atubu, wallahi mkifanya hivyo mmeuua. Waacheni wapige picha wakicheka kwelikweli, na muigizaji wa mwalimu msimwambie acheke kinafiki, yeye anaamini kabisa kuwa kombe ni lake.