Brahma na Brahman: mungu, dhana na ng'ombe

Brahma ni mungu muumbaji katika dini ya Kihindu. Hutajwa pamoja na Vishnu, mwenye kuhifadhi, na Shiva, mwenye kuangamiza. Huchorwa akiwa na nyuso nne, akishika Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu, mkononi. Cha ajabu, mahekalu yake ni machache mno kuliko ya wenzake hao wawili; linalojulikana zaidi liko Pushkar, jimbo la Rajasthan.

Ongeza n mwishoni upate Brahman, na hapo wengi hupotea. Brahman hana nyuso wala hekalu. Ndiyo asili ya kila kilichopo, isiyo na umbo, mwanzo wala mwisho, na ndiyo inayozungumzwa katika Upanishad, maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu. Wanaofuata mafundisho ya Advaita, ambayo mwanafalsafa Shankara aliyatetea kwa nguvu, husema kwamba nafsi ya ndani ya mtu na Brahman ni kitu kimoja. Kwa hiyo kusema "Wahindu humwabudu Brahman kama muumbaji" ni kuchanganya mawili: Brahma mwenyewe, kwa hesabu za Kihindu, ana umri unaofika kikomo.

Kuna pia Brahmini, watu wa tabaka la makuhani na wasomi wa Veda. Jina hili lisichanganywe na Baniani tunaowataja pwani. Jina Baniani lilitokana na wafanyabiashara wa Kigujarati, kisha likatumika kwa Wahindu wote.

Sasa ng'ombe. Ukienda India kutafuta mbegu ya asili iitwayo Brahman utazunguka bure. Utaonyeshwa Gir, Kankrej, Ongole. Ng'ombe wa aina hizo walipelekwa Marekani kuanzia karne ya 19, wengine wakipitia Brazil, na wafugaji wa majimbo ya kusini wakawachanganya mpaka wakapata mbegu mpya. Chama chao kilianzishwa mwaka 1924, na jina Brahman likakaa. Ni jina la Wamarekani, lenye harufu ya India tu.

Walichokitafuta si utakatifu. Joto la Texas na kupe viliwatesa ng'ombe wa Ulaya, ilhali huyu mwenye nundu, masikio yaliyoning'inia na ngozi legevu shingoni alivumilia vyote viwili. Kwa mfugaji wetu aliyezoea zebu, yaani ng'ombe wenye nundu, Brahman si mgeni sana: ni wa ukoo huohuo, ila ana mwili mkubwa zaidi. Machotara wake wanajulikana pia: Santa Gertrudis alipatikana kwa kumchanganya na Shorthorn, na Brangus kwa kumchanganya na Angus.

Kejeli iko wazi. Mnyama aliyebeba jina la Kihindu alikuzwa hasa kwa ajili ya nyama, jambo ambalo Wahindu wengi hawalikubali kabisa kwa ng'ombe. Tena, hata kwa imani yenyewe, ng'ombe si mnyama wa Brahma. Brahma hubebwa na hamsa, ndege wa jamii ya bata bukini au batamaji. Fahali ni wa Shiva, na anaitwa Nandi.

Kuna na kuku wa Brahma, wale wakubwa wenye manyoya hadi vidoleni. Nao walikuzwa Marekani, kutokana na kuku walioletwa kutoka bandari ya Shanghai. Jina lao ni kifupisho cha mto Brahmaputra, yaani "mwana wa Brahma".