Mmea Kudhurika na Mboga Kuchafuka ni Mambo Mawili

Mtu akiona majani ya nyanya yamejikunja husema mmea "umeingia sumu", na kwa kauli hiyo huwa anasema mambo mawili kwa mpigo: kwamba mmea umepatwa na kemikali, na kwamba kuula ni hatari. Mtu huyo huyo akipita bondeni, akaona mchicha umestawi kando ya mtaro, majani mapana na kijani kimekolea, husema mboga ile ni salama kwa kuwa hakuna aliyeipulizia dawa. Kauli hizi nimezisikia kwa majirani, kwa wauza mbegu, na hata kwa watu ambao kazi yao ni kuwashauri wakulima, na naona zinatuletea hasara ya kweli, kwa sababu tunang'oa mimea ambayo pengine haikuwa na kosa na tunapika kwa amani mboga ambayo ilistahili kupimwa kwanza.

Uchafuzi wa kemikali usiokusudiwa kwenye mboga za nyumbani ni hali ya kemikali ambayo mwenye bustani hakuitia kwa makusudi kufika kwenye mmea, udongo au maji yake, ikabaki juu au ndani ya sehemu inayoliwa kwa kiasi kinachoweza kumdhuru mlaji. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Haihusu dawa uliyopulizia mwenyewe kisha ukavuna kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko hazijatimia. Hayo huitwa mabaki ya kiuatilifu, yaani ya dawa ya kuua wadudu, magugu au magonjwa ya mimea, na tiba yake ni kusoma kibandiko na kungoja. Wala haihusu mmea kuonekana mgonjwa, na hapa ndipo penye shida yote.

Kemikali inaweza kuudhuru mmea bila kuichafua mboga kwa kiwango cha kumtia mlaji hatarini. Inaweza pia kuichafua mboga bila kuudhuru mmea hata kidogo. Mara nyingine hufanya yote mawili. Jani ni chombo cha kumeza mwanga, lina maumbile yake, na kinachoyavuruga maumbile hayo si lazima kiwe ndicho kinachovuruga ini, figo au ubongo wa binadamu. Anayetazama jani ili ajue usalama wa chakula anauliza swali la afya yake kwa kiumbe ambacho hakina neva wala damu.

Nianze na mmea unaodhurika. Kiuagugu kiitwacho 2,4-D, ambacho kimekuwa sokoni tangu miaka ya 1940 na ambacho hutumika sana kwenye mahindi, ngano, mpunga na miwa, hufanya kazi kwa kuiga homoni ya ukuaji iliyomo ndani ya mmea. Mimea ya jamii ya nyasi hukistahimili, ilhali mimea ya majani mapana hukua ovyo mpaka ikajiua. Nyanya ni miongoni mwa mimea inayokihisi upesi kuliko mingi, kiasi kwamba sehemu iliyo ndogo kuliko moja ya mia ya kipimo cha shambani, ikiletwa na upepo kutoka kwa jirani, inatosha kuupinda mche. Ukiuangalia kwa karibu mche uliopatwa na kiuagugu hiki, utaona shina na vikonyo vimejisokota, majani mapya yamekuwa membamba na marefu kama utepe, na mishipa ya jani ambayo kwa kawaida hutawanyika sasa inakwenda sambamba, imejaa na imesimama juu ya jani. Majani ya zamani, yaliyokwisha kukomaa kabla ya siku ya upepo, mara nyingi hubaki na umbo lake.

Dalili hizi si za rasta, ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe, ingawa watu huvichanganya kila siku. Mche wenye rasta hudumaa, majani yake hujikunja kuelekea juu kama kikombe, kingo zake hugeuka njano, na ugonjwa humpata huyu ukamwacha yule katika tuta moja. Kiuagugu hakichagui hivyo. Kikipita kwa upepo hugusa nyanya, maharage, pilipili na mipapai kwa pamoja, upande ulio karibu na uzio huumia zaidi kuliko upande wa mbali, na mahindi yaliyo katikati ya uharibifu wote huo husimama kama vile hakuna kilichotokea. Anayeona bustani ya namna hiyo hana haja ya kuhangaika na dawa ya wadudu. Aende akamwulize jirani alipulizia nini na lini.

Tukio linaloeleza jambo hili vizuri kuliko yote ninayoyafahamu lilitokea Uingereza mwaka 2008. Watu wenye vibustani vya mboga walishangaa kuona viazi, nyanya, maharage na njegere zao zikichipua majani yaliyojikunja na kusinyaa, ilhali hawakupulizia chochote na wengi wao walikuwa wakijivunia kutumia samadi tupu. Chanzo kilikuwa samadi yenyewe. Malisho ya ng'ombe na farasi yalikuwa yamepuliziwa kiuagugu kiitwacho aminopiralidi ili kuua magugu ya majani mapana. Wanyama walikula nyasi zile, kiuagugu kikapita matumboni mwao karibu bila kubadilika, kikatoka na kinyesi, kikakaa ndani ya nyuzi za majani yasiyosagika, na kurundika samadi kwa miezi hakukukimaliza, kwa kuwa huoza upesi pale tu kinapochanganyika na udongo wenye hewa na vijidudu hai. Mauzo yake yalisimamishwa Julai mwaka huo, na baadaye yakaruhusiwa tena kwa masharti makali zaidi kuhusu samadi kutoka kwenye malisho yaliyopuliziwa.

Lililo muhimu kwa maelezo yangu ni tathmini ya mamlaka ya viuatilifu ya nchi hiyo: kwamba kiasi kilichotarajiwa kuwamo kwenye mazao hayo hakikuonekana kuwa tishio kwa afya ya mlaji. Mimea ilikuwa imeharibika vibaya, watu wamepoteza mavuno ya msimu mzima, na bado hatari kwa mlaji ilihesabiwa kuwa ndogo. Kemikali hiyo hufanya kazi kwa mmea kwa viwango vidogo mno, na mmea huonyesha alama kabla kiasi hakijafika mahali pa kumtisha mtu.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa mboga za majani, mchicha ukiwa miongoni mwake, zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam. Watafiti walipima metali nzito, zikiwemo risasi na kadimiamu, wakahitimisha kwamba viwango walivyovikuta vinawaweka walaji hatarini kadiri muda unavyokwenda. Mboga hizo zilikuwa zikilimwa, zikinunuliwa na kupikwa kama mboga nyingine yoyote. Mchicha unaofyonza kadimiamu kutoka kwenye udongo hauna sababu ya kujikunja kwa viwango ambavyo tayari ni vibaya kwa figo za mlaji. Maji ya mtaro yana naitrojeni na fosforasi kwa wingi, kwa hiyo yanaweza kuustawisha kuliko mchicha wa maji ya bomba. Kijani kile kinachosifiwa kinatuambia kwamba mmea umeshiba mbolea, basi. Habari za risasi hakinazo.

Kwa risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwenye damu ya binadamu, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu ubongo wao ungali unajengeka. Viwango vya kimataifa vya chakula viitwavyo Codex vinaruhusu miligramu 0.3 za risasi kwa kilo moja ya mboga za majani, kiasi ambacho jicho, pua na ulimi haviwezi kukitambua kabisa. Tena risasi haiozi. Kiuagugu ni mchanganyiko unaovunjwa na vijidudu, jua na maji, kingine kwa siku kadhaa na kingine kwa miezi, lakini risasi ni elementi, yaani kitu kisichovunjika kuwa kitu kingine, na ikishaingia kwenye udongo wa uani itabaki humo baada ya aliyeileta kuhama. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na vumbi lililotoka kwenye magari ya miaka iliyotangulia bado limo kwenye udongo wa kando ya barabara kuu.

Kati ya ncha hizo mbili kuna jambo linaloniudhi zaidi kwa kuwa linatokea kwenye uzio ule ule. Upepo unaoleta 2,4-D Jumatatu unaweza kuleta kiuadudu Alhamisi. Viuadudu vingi hulenga neva za mdudu, na nyanya haina neva, kwa hiyo mche hautabadilika wala jani halitapinda, ilhali tone lile lile likiwa juu ya mchicha unaochumwa jioni hiyo linaweza kuwa na madhara kwa mlaji kuliko kiuagugu kilichoipinda nyanya. Siku ambayo bustani inaonekana imeharibika mwenye nyumba huita majirani washuhudie, na siku ambayo haionekani kuwa na lolote huchuma. Ningependa tuwe waangalifu zaidi siku hiyo ya pili.

Njia nyingine zinazoingiza kemikali bila kukusudia ni za kawaida sana hata hatuzioni. Bomba la mgongoni lililopulizia kiuagugu, likasuuzwa mara moja kwa maji na kujazwa dawa ya wadudu, hubakiza kwenye mpira na chujio kiasi kinachotosha kupinda nyanya. Ndiyo maana anayeweza anapaswa kuwa na bomba la viuagugu peke yake. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani, yenye shaba, kromiamu na aseniki, vikichomwa jikoni, metali hizo hubaki kwenye majivu, na majivu hayo yakimwagwa bustanini kama mbolea hupeleka aseniki mahali ambapo haikuwapo. Rangi ya zamani inayobanduka ukutani, maji ya betri ya gari yaliyomwagwa nyuma ya banda, na dumu la dawa lililogeuzwa chombo cha kumwagilia, vyote vina habari hiyo hiyo.

Kutenganisha mambo haya mawili hakumaanishi kwamba mmea uliopindika uliwe. Mwenye bustani ambaye hajui ni kemikali gani iliyofika, wala kwa kiasi gani, hana msingi wa kusema ni salama, na kuacha kula mpaka ajue ni uamuzi wa busara. Ninachokataa ni kuacha kwa sababu isiyo yenyewe. Anayesema "nimeacha kwa kuwa jani limejikunja" atakula kesho jani lisilojikunja, ilhali anayesema "nimeacha kwa kuwa sijui kilichopuliziwa ng'ambo ya uzio" ana swali la kwenda kuuliza, na akilipata jina la dawa anaweza kulipeleka kwa afisa kilimo au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ya Tanzania akapata jibu la dawa hiyo hasa.

Kila upande pia una kipimo chake. Samadi unayoitilia shaka huchanganywa na udongo na kuwekwa kwenye vikopo, maharage yakapandwa humo, na vikopo vingine vikapewa udongo mtupu. Majani kadhaa ya kweli yakishatoka, tofauti ya umbo itaonekana kwa macho. Usitumie mahindi, kwa kuwa yatakudanganya. Kipimo hicho kinahusu viuagugu vya namna ile tu. Mtu akipanda maharage kwenye udongo wa bonde, yakaota vizuri, kisha akatangaza kwamba udongo wake hauna risasi, atakuwa amerudi kwenye kosa lile lile kwa mlango mwingine, kwa sababu risasi na kadimiamu hupimwa maabara. Kusuuza kuna faida kwa vumbi na tope lililoshika juu ya majani, ambalo kwa risasi mara nyingi ndilo sehemu kubwa ya tatizo, lakini hakutoi kadimiamu iliyopanda na mizizi. Na mwenye eneo la mashaka ambaye hana namna ya kupima afadhali apande nyanya, bamia au pilipili kuliko mchicha, kwa kuwa matunda kwa kawaida hubeba metali hizi kwa kiasi kidogo kuliko majani.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, kwamba nyanya iliyojisokota tuseme imedhuriwa, na tuseme na kilichoidhuru kama tunakijua. Na neno "imechafuka" tuliwekee mboga ambayo imepimwa au ambayo tunajua wazi kilichoifikia. Mchicha wa bondeni uliostawi tuseme haujapimwa. Na mwenye bustani anayesema mboga yake ni salama kwa kuwa hakupulizia dawa amesema kweli juu ya alichokifanya mwenyewe, na bado hajasema lolote juu ya maji anayomwagilia.