Je, wajua kwanini gitaa la bendi ya WITCH linakwaruza vile?

Mara ya kwanza nasikia Introduction, albamu ya kwanza ya WITCH, nilikuwa Kibirizi na kispika kidogo cha bluetooth, gitaa lilivoingia tu nikajua spika imechanika, nikashusha sauti. Mkwaruzo ukabaki vilevile. Spika iliyochanika ukiipunguzia sauti mara nyingi inatulia, huu haukutulia. Nikahamia kwenye wazo la pili, kwamba santuri waliyorekodia imechakaa, nalo sio, maana santuri mbovu inapiga tik tik hata gitaa likiwa kimya, ila huu unaanza na kamba unaisha na kamba. Kumbe umewekwa makusudi!

WITCH ni vijana wa Zambia wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenzetu wa kusini ya ziwa Tanganyika, kule Mpulungu ambako meli ya Liemba ilikuwa inaenda kutokea hapa Kigoma. Muimbaji ni Emmanuel Chanda, Jagari, na muziki wao unaitwa Zamrock, yaani roki ya Zambia.

Sasa ule mkwaruzo ni fazi, kakifaa kanakokaa kati ya gitaa na ampu, ile mashine ya kukuza sauti. Chukulia wimbi la ziwa siku ya upepo mdogo, linapanda na kushuka kwa mviringo, ndo umeme unaotoka kwenye gitaa ulivo. Fazi inalikuza lile wimbi mno, ila transista, kile kidude cha ndani kinachokuza umeme, ina mwisho wake, haiwezi kuvuka nguvu ya betri, kwahiyo ni kama umelaza ubao juu ya maji: wimbi likifika pale kichwa kinakatwa, linabaki bapa lenye kona. Zile kona ndo zinazokwaruza, kwasababu kamba inayotetemeka mara 110 kwa sekunde sasa inabeba kwa nguvu na sauti za 220, 330, 440 na kuendelea, zote kwa mpigo.

Ila aliyedhani ni ubovu hayuko mbali sana na ukweli. Kwenye wimbo mmoja wa Marty Robbins, mwimbaji wa Marekani, uliotoka 1961, studio huko Nashville chaneli ya mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, iliharibika besi ikatoka imekwaruza, wakaiacha, na 1962 Maestro, watengeneza vifaa vya muziki, wakauza fazi, kifaa cha kuiga ule ubovu.

Rudia kusikiliza noti ndefu. Kamba inazidi kuchoka lakini sauti haishuki, maana wimbi bado linagonga ubao, halafu mwishoni kabisa linashindwa kuufikia, mkwaruzo unakatika-katika, na kwa kitambo kidogo unalisikia gitaa lenyewe, safi.