Aliyekupima miwani si daktari wa macho

Shangazi yangu amekaa na barua ya rufaa mkobani miezi miwili. Nilipomuuliza mbona hajaenda hospitali, akanijibu, "Si nimeshaonwa na daktari wa macho? Na miwani kanipa." Hakuonwa na daktari. Alipimwa na mtaalamu wa optometria, na barua ile ndiyo ya kumpeleka kwa daktari.

Optometria ni taaluma ya kupima uwezo wa macho kuona, kuurekebisha kwa miwani au lenzi za kuvaa machoni, na kutambua dalili za maradhi ili mgonjwa apelekwe kwa wanaotibu.

Jina lenyewe linajieleza. Ni la Kigiriki: optos, kinachoonekana, na metron, kipimo. Metron hiyo ndiyo iliyotuletea mita, ya kitambaa na ya maji. Fani ya daktari bingwa wa macho ni oftalmolojia, kutoka ophthalmos, yaani jicho. Mmoja kaitwa kwa kuona, mwingine kwa jicho, na mpaka wa kazi zao umo humo. Ukisomeshwa herufi ukutani ukaandikiwa 6/18, maana yake unachokiona wewe kwa mita 6, mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 18. Hicho ni kipimo cha kuona. Lakini mtu anaweza kusoma hadi mstari wa chini kabisa na bado ana presha ya macho, ambayo kwa kawaida haiumi, na huanza kula uoni wa pembeni taratibu. Miwani haiigusi.

Mafunzo nayo ni tofauti. Daktari bingwa husomea kwanza udaktari wa mwili mzima, ndipo abobee kwenye macho. Mwenzake huingia moja kwa moja kwenye mwanga, lenzi, jicho na maradhi yake: pale chuo cha KCMC, Moshi, kuna stashahada ya miaka 3, na vyuo vikuu vya Masinde Muliro kule Kakamega, Kenya, na Makerere, Uganda, vinatoa shahada. Kwa hiyo kumwita muuza miwani ni kumkosea, na hili linaniuma zaidi kuliko lile la kumwita daktari. Anayekata lenzi na kuzitia kwenye fremu ni fundi wa miwani, naye hufuata karatasi iliyoandikwa na aliyepima.

Ndugu zetu walioko Marekani watasema huko mtaalamu wa optometria anaitwa daktari. Kweli, maana huko husoma miaka 4 zaidi baada ya chuo na kutunukiwa udaktari wa optometria. Hata hivyo daktari bingwa wa macho ni mwingine, huko kama huku.

Shangazi, yule kijana alipima presha ya macho yako akaikuta juu. Alijua kazi yake inaishia wapi, ndiyo maana akaandika barua. Jumatatu asubuhi nitakupitia, twende nayo.