Mlevi wa mara ya tatu anayehukumiwa kama wa mara ya kwanza

Tangu nianze kazi ya uwakili, hakuna maneno niliyoyasikia katika mahakama za trafiki mara nyingi kuliko haya. Mshtakiwa amekiri kosa, maelezo ya kesi yamesomwa, na hakimu anamuuliza kiongozi wa mashtaka kama kuna lolote linalojulikana kumhusu mtu huyo. Kiongozi wa mashtaka, bila kuinua macho kutoka kwenye rundo la faili, anajibu kwamba hana rekodi za awali na kwamba mshtakiwa achukuliwe kuwa mkosaji wa mara ya kwanza. Ndiyo maana nikiulizwa kama adhabu za madereva wanaorudia kuendesha wakiwa walevi ni kali vya kutosha hapa Kenya, huwa nasita kujibu, kwa kuwa mbele ya hakimu dereva wa aina hiyo hayupo kabisa.

Kila panapotokea ajali mbaya, hasa misimu ya Krismasi na Pasaka watu wanaposafiri kwa wingi, husikika sauti zikitaka faini ipandishwe na kifungo kirefushwe. Nazielewa hasira hizo, lakini nadhani zinaelekezwa mahali pasipofaa.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba mtu anayeendesha gari barabarani akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu ipasavyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka 2, au kupewa adhabu zote mbili. Juu ya hayo, mahakama ina uwezo wa kumzuia asiwe na leseni kwa muda. Ulevi wake ukichangia uendeshaji wa hatari ulioua mtu, kuna kifungu cha 46, ambacho adhabu yake inaweza kufika miaka 10 jela. Kwa hiyo si kweli kwamba sheria yetu ni laini. Ila viwango hivyo vya faini na kifungo katika kifungu cha 44 ni vilevile kwa aliyekosea mara moja na kwa aliyekosea mara tano, na imeachiwa busara ya hakimu kuona tofauti kati yao.

Kuna ugumu mwingine ambao watu wengi hawaujui. Kipimo cha pumzi, ambacho sote tumezoea kukiita Alcoblow, kilianza kutumika kwa wingi barabarani Desemba 2013, kwa nguvu ya kanuni za mwaka 2011 zilizoweka kiwango cha juu kuwa miligramu 0.35 za pombe katika lita moja ya pumzi. Kiwango hicho ni sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu, yaani kilekile ambacho Uingereza imekitumia tangu 1967. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kwamba kanuni hizo hazikupatana na sheria mama, yaani Sheria ya Trafiki yenyewe, kwa sababu kifungu cha 44 hakizungumzii kiwango chochote cha pombe. Kinazungumzia kushindwa kulimudu gari. Namba iliyoonekana kwenye kipimo haimalizi kesi peke yake. Lazima upande wa mashtaka uonyeshe kwamba dereva hakuwa na uwezo wa kuliongoza gari, na kama alisimamishwa kwenye kizuizi akiwa ameendesha taratibu na kwa adabu, kazi hiyo si ndogo.

Matokeo yake ni kwamba kesi inayopingwa huwa ngumu kwa serikali, na kesi inayokiriwa huwa nyepesi kwa kila mtu. Dereva amelala seli usiku wa Ijumaa, au ametoka kwa dhamana ya pesa taslimu, na siku ya kufika kortini anachotaka ni kumaliza jambo hili arudi kazini. Anakiri. Shughuli nzima inaweza kuchukua dakika 5. Faini nilizoziona mimi zimekuwa za elfu ishirini, elfu thelathini, mara chache elfu hamsini. Kiwango cha juu cha shilingi 100,000 ni nadra kukiona kikitumika, na kifungo cha miaka 2 kwa kosa hili peke yake sijawahi kukishuhudia. Anayetaka dari ipandishwe ajiulize kwanza ni nani amewahi kuigusa.

Nitaeleza kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike. Niliwahi kumwakilisha mzee mmoja mwenye biashara yake, mtu wa heshima zake, aliyekamatwa usiku akitoka baa. Alikiri. Kiongozi wa mashtaka akasema maneno yale yale, na hakimu akanipa nafasi ya kumwombea mteja wangu apunguziwe adhabu. Nilizungumza juu ya familia yake, wafanyakazi wanaomtegemea na majuto yake. Tulipokuwa tukielekea kulipa faini, akanishika bega akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyefarijika, “Wakili, hii imekuwa nafuu kuliko ile ya mwaka juzi.” Nikamuuliza ipi. Akanitajia kesi mbili, kila moja katika mahakama ya kaunti nyingine.

Wasomaji wasio mawakili huniuliza kwa nini sikurudi kumweleza hakimu. Siri ya mteja si yangu kuitoa. Lakini wakili pia haruhusiwi kuidanganya mahakama, na tangu siku hiyo kabla ya kusimama huwa namuuliza kila mteja wa kosa hili kama amewahi kuhukumiwa popote. Akiniambia ndiyo, nitamwombea apunguziwe adhabu, lakini maneno “mkosaji wa mara ya kwanza” hayatatoka kinywani mwangu. Hakimu makini ataisikia nafasi iliyoachwa wazi. Hakimu mwenye faili arobaini mezani hataisikia, wala simlaumu.

Si kwamba sheria haina njia. Kifungu cha 216 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinairuhusu mahakama kupokea taarifa zitakazoisaidia kuamua adhabu, na kifungu cha 142 kinaeleza jinsi hukumu ya zamani inavyothibitishwa, kwa nakala iliyoidhinishwa ya kumbukumbu za mahakama au kwa alama za vidole. Lakini njia hizo zilitengenezwa kwa ajili ya mwizi wa mabavu ambaye kesi yake itachukua miezi. Kwa dereva aliyekamatwa Ijumaa na kukiri Jumatatu, hakuna anayetuma alama za vidole kokote, na hukumu ya mwaka juzi imelala katika faili la karatasi mamia ya kilomita kutoka hapo. Tuna mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao, ulioanza Nairobi Julai 2020, na tuna leseni za kadi zinazotolewa na NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Kinachokosekana katika kesi hizi ninazozihudhuria ni uzi wa kuviunganisha viwili hivyo, ili hukumu inayotolewa leo imfuate dereva kwa namba yake ya leseni hadi kwenye meza ya kiongozi wa mashtaka wa kesho.

Uingereza ni mfano mzuri hapa, kwa sababu kisheria ni jamaa zetu. Katika England na Wales, kosa la kuendesha huku pombe mwilini ikizidi kiwango lina adhabu ya juu ya miezi 6 tu jela, hata kama ni mara ya kumi. Ni robo ya miaka 2 yetu. Tofauti iko kwingine: anayehukumiwa mara ya kwanza ananyang’anywa leseni kwa angalau miezi 12, na anayehukumiwa tena ndani ya miaka 10 ananyang’anywa kwa angalau miaka 3, na hakimu hawezi kushuka chini ya hapo isipokuwa kwa sababu maalumu. Tena, mrudiaji huwekwa katika kundi la wakosaji wa hatari kubwa, na muda wake ukiisha harudishiwi leseni mpaka daktari ampime na kuridhika kwamba si mtumwa wa pombe. Yote hayo yanawezekana kwa sababu hukumu imeandikwa kwenye rekodi ya leseni yake, na rekodi hiyo iko wazi kwa mahakama yoyote nchini.

New Zealand imekwenda mbele zaidi. Kosa la tatu na kuendelea huko linaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 2, lakini chombo ninachokipenda zaidi ni kingine. Tangu Julai 2018, anayerudia kosa ndani ya miaka 5 kwa kawaida huamriwa kufungiwa kifaa ndani ya gari lake, ambacho lazima akipulizie kabla injini haijawaka. Kama kuna pombe kwenye pumzi, gari haliwaki. Baada ya hapo hupewa leseni isiyomruhusu hata tone moja kwa miaka 3.

Jimbo la South Dakota nchini Marekani lilianza mwaka 2005 mpango wa namna yake. Mrudiaji hupimwa pumzi mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na akikutwa na pombe hulala rumande usiku huo huo, siku moja au mbili, kisha anaachiwa aendelee na kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba katika kaunti zilizotumia mpango huo, watu waliokamatwa kwa kurudia kosa la ulevi barabarani walipungua kwa asilimia 12. Kulala ndani siku moja si adhabu kali. Nguvu yake ni kwamba mtu anajua, akiwa ameshika glasi, kwamba kesho asubuhi itajulikana.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niogope wanaotaka faini ya nusu milioni na kifungo cha miaka 5, na hii ni ya kwetu hapa. Kila adhabu ya kisheria inapopanda, bei ya kuikwepa barabarani usiku wa manane hupanda nayo, na wenye uwezo wa kulipa bei hiyo ndio hao hao tunaotaka wafike kortini. Faini ya laki moja kwa mwenye kampuni ni usumbufu. Kwa dereva wa matatu ni karo ya watoto mwaka mzima, na akishindwa kuilipa, anaingia jela kwa umaskini na si kwa ulevi. Kumnyima mtu leseni, au kumfungia kifaa kwenye gari, kunawagusa wote wawili kwa uzito unaokaribiana.

Kama ningeulizwa nirekebishe kifungu cha 44, nisingegusa laki moja wala miaka 2. Ningeweka kiwango cha pombe ndani ya sheria mama yenyewe, ili ubishi wa 2017 uishe. Ningeandika muda wa chini wa kunyang’anywa leseni kwa kosa la pili, mrefu kiasi cha kuuma, na kwa la tatu ningedai ripoti ya daktari kabla ya leseni kurudi. Na kabla ya hayo yote ningemlazimu kila karani wa mahakama kuingiza hukumu kwenye rekodi ya leseni siku ile ile inapotolewa.

Yule mzee alinipigia simu tena baada ya miezi kadhaa, saa saba usiku, kutoka kituo cha polisi cha kaunti nyingine. Nilimshauri atafute wakili wa huko. Nilisikia baadaye kwamba alikiri, akalipa elfu thelathini, na kwamba kiongozi wa mashtaka aliiambia mahakama kuwa hana rekodi za awali.